Mrehani wa Anti

Jana tulianza kufunga vitu. Hii villa ya Al Wukair, huku ugenini, iliyokatwakatwa vyumba tukae familia nne, itavunjwa, na sisi tunahamia ghorofani. Baba akauliza, "Na hiki chungu kitupu nani anakitaka?" Nikasema mimi, halafu nikajifungia chooni, maana kulia mbele za watu siwezi.

Kilikuwa cha Anti. Watoto wote tulimwita hivyo, jirani yetu Mhindi wa mlango wa pili. Yeye na mumewe hawakujaliwa mtoto. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Nikirudi shule namkuta uani anachagua mchele, bizari inanukia jikoni kwake, viyoyozi vinanguruma na kudondosha maji, nami nakaa pembeni yake. Kwa Kiingereza chake kilichochanganyika na Kiarabu cha sokoni alinisimulia dunia ilivyoanza. Palikuwa na maji tu, na mungu mmoja amelala juu ya nyoka. Kitovuni mwake likachipua yungiyungi, na ndani ya lile ua akaketi muumbaji mwenye nyuso nne. Baadaye miungu wakaisukasuka bahari ya maziwa kama mtu anayetafuta siagi. Ikatoka sumu. Ndipo akatoka bibi harusi na shada la maua mkononi, akawatazama wanaume wote, akamvisha yule wa usingizini.

"Kajichagulia mwenyewe?" mama akacheka, anaanika nguo. "Shoga, kwetu Unguja angekula kofi!" Mimi aliniambia neno moja tu: hadithi sikiliza, swala yako usiache.

Yule bibi harusi, alisema Anti, huja pia kama mrehani, na mrehani wake ulikuwa ndani ya chungu hiki. Kila mwaka joto likipungua aliuozesha kwa jiwe dogo jeusi, ndilo yule mungu mwenyewe. Kwao asiye na binti akiuozesha mrehani, huhesabiwa amemwozesha mwanawe. "Huyu ndiye mtoto wangu," alikuwa akisema kila akiumwagilia.

Sasa sikia nilichofanya. Siku ya harusi nilirudi shule, uani hakuna mtu. Mama alikuwa amenifundisha kuwa bibi harusi hakosi kikuba, kile kishada cha asumini na rehani cha kubandika kifuani. Asumini ilikuwepo ukutani. Rehani nikaikata pale pale, tawi baada ya tawi, nataka kikuba kinene. Wallahi sikufikiri. Nilimkata bibi harusi ili nimpambe.

Jioni Anti alitoka na kitambaa chekundu na miwa ya kumjengea kibanda, akakuta kisiki. Nikajificha nyuma ya tangi la maji. Mama akanivuta kwa sikio, "Sema mwenyewe!" Nikanyoosha kikuba tu.

Anti alikipokea, akakinusa muda mrefu. Mumewe akauliza, "Sasa bibi harusi gani huyu, hana hata nywele?"

"Mwenye mdogo wake mtundu," Anti akajibu. Akakifunga kisiki kile kitambaa, akakitundikia kikuba changu, akaniita nisimame upande wa ndugu wa bibi harusi. Harusi ikafungwa. Tulikula vitamutamu vya ufuta.

Kisiki hakikuchipua tena. Mwaka uliofuata haukuwa na harusi, na Anti hakuleta mche mwingine. Nilitaka kumwambia samahani kila siku, na kila siku nilisema kesho. Kisha kazi ya mumewe ikaisha, wakarudi kwao. Asubuhi ya kuondoka aligonga mlango wetu, akaita, "Beti, njoo nikuage," na beti kwao ni binti. Mimi nilijifunika shuka nikajifanya nimelala. Nilimsikia mama akisema, "Bado kalala, dada," na Anti akisema basi, msimwamshe.

Nilipotoka nikakuta chungu mlangoni. Ndani yake kitambaa chekundu, na ndani ya kitambaa kikuba changu, kimekauka kama majani ya chai. Kumbe alikuwa amekitunza.

Sasa hata uani hapatakuwepo. Nimekifunga chungu kwa kanga ya mama, nimekiweka juu ya begi langu la shule. Leo nimejaribu kulitamka lile neno peke yangu, kwa sauti, nikikitazama. Samahani, Anti. Limetoka vizuri kabisa.