Kofia ya Chuma na Mtama wa Kibaigwa

Juzi, nilipokuwa katika chumba cha makumbusho ya vita mjini Dodoma, mama mmoja muuza nafaka wa Kibaigwa alitoa kwenye kikapu chake kofia ya chuma ya askari, anayopimia nafaka sokoni.

"Mwanangu, naomba na ile yako," alimwambia mtunzaji, akionyesha kabati la kioo lenye kofia kama hiyo. "Siku hizi wateja wanadai hii yangu nimeibonyeza niwapunje. Tupime."

"Mama, humu vitu haviguswi."

"Yangu inaguswa na soko zima."

Mtunzaji akacheka, akafungua kabati. Mama akajaza mtama kwenye kofia yake, akaumiminia kwenye ile ya makumbusho. Mtama ukaanza kuvuja mezani. Kumbe karibu na utosi palikuwa na tundu la risasi.

Mama akaliziba kwa kidole. "Mwenyewe alirudi kutoka vitani?"

Mtunzaji akasoma kibao chote, uzito na aina ya chuma. "Haikuandikwa, mama."

"Yangu ilirudi na mume wangu," akasema taratibu, akiokota mtama punje kwa punje.

Nami nilikuwa nimesimama mbele ya kofia ile nusu saa nzima kabla mama hajaingia, nikinakili uzito wake kutoka kwenye kibao.