Skrubu ya Pampu

Baba alipofariki alituachia lori, mimi na dada yangu. Lilikuwa lori kuukuu la dizeli lenye pua ndefu, na mlango wake wa upande wa pili ulifungwa kwa kamba ya katani. Mimi niliendesha. Dada, ambaye ndoa yake ilikuwa imevunjika akarudi nyumbani Gongoni, mtaa wetu pale Tabora, alitafuta mizigo na kusimamia upakiaji. Mwanzoni watu wa Tabora walishangaa kuona mwanamke anashinda kwenye lori, baadaye wakazoea.

Miaka ile ya Ujamaa kazi haikukosekana. Tumbaku ya Urambo, karanga za Kaliua, pamba ya Nzega, vyote vilingoja magari. Lakini kwenye maghala aliyetangulia kufika ndiye aliyepakia, na sisi tulifika wa mwisho. Likiingia mchangani lori letu lilikuwa likitambaa tu, wenzetu wanatupita wakipiga honi, tunabaki kumeza vumbi lao. Jambo hilo lilinila. Nilikuwa kijana, situlii. Hata nikikaa kula, mguu wangu wa kulia ulikuwa ukikanyaga sakafu.

Nikaenda kwa fundi mmoja wa palepale Gongoni, mzee wa Kiarabu ambaye babu zake walikuja Tabora na misafara ya biashara. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku kichwa kikiwa bado ndani ya injini ya mtu. Nilipomweleza shida yangu alisema njia ziko mbili. Ya kwanza ni kugeuza skrubu ya pampu ya dizeli ili injini ipate mafuta mengi zaidi. Nguvu ningeiona siku hiyohiyo, ila injini ingechemka upesi na kuchakaa upesi. Ya pili ni kutafuta difu nyingine, yale meno ya ekseli ya nyuma yanayozungusha magurudumu, na alikuwa ameiona moja Nzega kwenye gari bovu. Kwa difu ile lori lingevuta vizuri mchangani bila kuumia, lakini kwenye barabara nzuri lingekwenda polepole kuliko lilivyokwenda.

Dada alitaka difu. Mimi nilitaka pampu. Tulibishana tukiwa njiani, tukabishana nyumbani mpaka mama akatuomba tunyamaze tule. Dada alisema injini ikifa hatutapata nyingine, maana vipuri vilikuwa adimu nchi nzima. Nami nikasema tukizidi kuwa wa mwisho, lori litaota majani uani likiwa zima.

Mwishowe akaniuliza, "Unataka lori likimbie, au ni wewe unayetaka kukimbia?"

Nikamjibu, "Mimi sioni tofauti."

Asubuhi yake aliniambia nilipeleke kwa fundi, pampu igeuzwe.

Kwa muda tulifurahi. Lori lilitoa moshi mweusi kama tanuri la matofali, lakini lilivuta. Karibu na Urambo tuliwapita wale waliokuwa wakitupigia honi, na dada mwenyewe alitoa kichwa nje akicheka, mtandio umeshikwa kwa meno usipeperuke.

Kisha likaja agizo la watu kuhamia vijijini, na malori yakatakiwa kusaidia. Sisi tulipewa familia moja ya msituni, mbele ya Kaliua: mrina asali, mkewe na watoto wao. Yule baba aliung'oa mlango wa nyumba yake akaupakia. Mizinga aliiacha juu ya miti, nyuki wakiwa ndani, na kila tulipokata kona aligeuka kutazama nyuma.

Nilitaka kuwafikisha, nigeuze, nikawahi tumbaku. Nikakanyaga mafuta. Katikati ya pori, mvuke ukafumka kwenye boneti na injini ikazima. Rejeta ilikuwa imekauka, na maji yetu ya akiba hayakutosha.

Yule mama alikuwa amepakata mtungi wa maji. Nilimwomba. Akaukumbatia zaidi.

"Maji haya ni ya wanangu, baba," alisema. "Sikuomba kuletwa huku."

Nilifungua mdomo nibishane, dada akanishika mkono. Alisema mama yule ana haki. Kisha akamwuliza, kwa Kinyamwezi, kama anajua penye maji karibu. Mama alitazama miti kwa muda, akampa mumewe mtungi, akachukua jembe na ndoo yetu, yeye na dada wakaondoka kuelekea bondeni.

Mimi sikuweza kukaa. Nilizunguka lori, nikafunga boneti, nikaifungua tena. Yule baba alikuwa akitembea taratibu, akigusa magome ya miti na kufikicha udongo kwa vidole. Wanawake waliporudi na maji ya matope waliyoyachimba kwenye mchanga wa kijito, alimwendea dada.

"Hapa pazuri," alisema. "Tuacheni hapahapa."

Dada aliiweka ndoo chini. Alimwambia kwamba tukiwaacha, litatumwa gari jingine, na huenda hilo lisingojee apakie mlango. Yule baba akainamisha kichwa, akapanda. Tulitia maji yale kwenye rejeta, tukawafikisha kwa mwendo wa kinyonga. Kijiji kipya kilikuwa uwanja uliofyekwa, wenye vigingi vya kuonyesha kila nyumba itakaposimama. Tuliushusha mlango wao, tukauegemeza kwenye kigingi kwa kuwa hapakuwa na ukuta.

Tabora fundi alikuta gasketi imeungua. Safari hii dada hakuniuliza. Alimwambia arudishe skrubu ilipokuwa, akapanda basi mwenyewe kwenda Nzega, akarudi na difu. Alichosema fundi kikawa kweli: lori lilivuta mchangani bila kulalamika, na barabarani likawa la polepole kiasi cha baiskeli kutupita.

Nilivumilia msimu mmoja. Kisha nikasikia wanaajiri vijana kwenye ujenzi wa reli kusini. Nilipomwambia dada, hakunisihi nibaki. Aliniomba nimfundishe kuendesha kwanza. Akajifunza upesi, mkono mwepesi kuliko wangu, na miaka mingi baadaye bado alikuwa akibeba tumbaku kwa lori lile.

Siku ya kuondoka yeye ndiye aliyenipeleka stesheni. Gari moshi lilikuwa limeshapiga filimbi, nami namhimiza aongeze mwendo. Aliendelea vilevile, macho barabarani, akaniambia nishike begi langu vizuri.

Niliruka kabla lori halijasimama.