Haidari Apeleka Gitaa Muleba

Simu ilimkuta Haidari uani kwake, mtaa wa Bakoba mjini Bukoba, akianua nguo. Aliyepiga alikuwa Renatha, binti wa Alistidia, na Alistidia ndiye aliyekuwa mwimbaji wa Nyota za Ziwa, bendi ambayo vijana wa Bukoba wa miaka ya sitini waliichezea twisti mpaka soli zikaisha.

"Shikamoo baba. Mama alipata kiharusi. Mguu umeanza kurudi, lakini hasemi. Jana redioni walipiga muziki wa zamani, akalia. Nikaona nikupigie."

Haidari akaketi na nguo zake mapajani. Alimwona Alistidia wa wakati ule, amesimama mbele ya kipaza sauti msimu wa kahawa, wakulima wa Kanazi wamejaa ukumbini na viatu vipya. Baba yake alikuwa katekista, dansi hakutaka hata kuisikia. Basi binti alitoka nyumbani na kitabu cha nyimbo za kanisa kwapani, na akifika ukumbini humpa Rohit amtunzie. Rohit, mtoto wa mwenye duka la vitambaa, alikuwa mpole kuliko wote, ila akikalia ngoma alizipiga kama mtu anayefukuza nyuki. Haidari alipiga gitaa la solo. Walidhani watazeeka pamoja jukwaani. Kisha familia ya Rohit ikahamia Uingereza, Alistidia akaolewa na mwalimu huko Muleba, na Haidari akageukia ufundi redio, akawa anawasikiliza wanamuziki wengine ndani ya masanduku aliyoyachomelea nyaya mwenyewe.

"Nenda," mkewe Maulida alimwambia. "Na gitaa ubebe."

"Kwa vidole hivi vilivyokakamaa? Nitajiaibisha."

"Kwani amekutoza kiingilio?"

Alimkuta Alistidia barazani, migomba imeizunguka nyumba, mkono wa kulia umelala mapajani. Alipomwona mgeni uso ulimchangamka. Akafungua kinywa, ikatoka "ta, ta, ta", basi. Akapiga mkono wa kiti kwa hasira, akageukia pembeni.

Haidari alizungumza habari za njiani, akazungumza habari za mvua, mazungumzo yakamwishia. Ndipo alipolitoa gitaa. Alianza wimbo ambao Alistidia aliutunga mwenyewe, wa msichana aliyechelewa dansini. Katikati kidole kikateleza, sauti ikaenda kombo. Alistidia akakunja uso, vilevile alivyokuwa akiwakunjia zamani, wakati jicho lake moja lilitosha kuisimamisha bendi nzima.

"Samahani, waitu," Haidari alisema, kwa neno la heshima la Kihaya, akaanza upya.

Alipofika mahali pa mwimbaji kuingia, alinyamazisha nyuzi kidogo, kwa mazoea tu. Na katika ukimya ule sauti ikaja, nyembamba, inakwaruza, lakini maneno mazima:

"Mama usifunge mlango, mwanao yuko njiani..."

Renatha alitoka jikoni mikono ikidondosha maji. Alisimama pale pale mpaka mama yake akamaliza ubeti wote. Lakini gitaa liliponyamaza, Alistidia alijaribu kusema jambo, na maneno yakakwama tena. Machozi yakamlenga.

Haidari hakumwacha azame. Aliurudia muziki uleule, polepole, akimtikisia kichwa kama amwambiaye, pitia hapa. Alistidia alifikiri. Kisha, kwa sauti ya ule wimbo, akaimba, "Renatha... mpe mgeni... chai."

Walicheka wote watatu, na Renatha akacheka huku analia.

Wiki hiyo Renatha alimweleza mtaalamu wa mazoezi hospitalini. Mtaalamu hakushangaa. Alisema wapo wagonjwa ambao njia ya kusema imefungwa na ya kuimba ikabaki wazi, akawaambia waitumie kila siku. Nyumba ile ikawa ya nyimbo. Maji yaliombwa kwa wimbo, blanketi kwa wimbo, hata ndizi zilizokosa chumvi zililalamikiwa kwa wimbo, na Renatha akijibu kwa wimbo. Haidari alikwenda kila alipoweza. Vidole vyake navyo vilianza kulainika. Maulida ndiye aliyemwonyesha kwamba siku hizi anafunga vifungo vya shati peke yake.

Mvua za masika zilipokwisha, maneno machache yalikuwa yameanza kuja bila muziki: jina la Renatha, "asante", "hapana" kwa wingi. Siku moja Haidari alipiga simu Uingereza, akaiweka mezani sauti ikiwa juu.

"Rohit," Alistidia alisema. Hakuimba. Alivuta pumzi, akatafuta. "Rohit. Njoo."

Upande wa pili mzee akajibu, kwa Kiswahili chake kile kile cha Bukoba, "Nimesikia, dada. Ngoja niongee na watoto. Desemba, nadhani itawezekana."

Haidari aliporudi mjini jioni hiyo, alipitia madukani kuuliza ni nani anayeweza kumwazima seti ya ngoma mwezi wa Desemba.