Kabati Lililolia Miezi Saba

Walimwita Cherehani, na si kwa sababu alishona. Hata kutia uzi kwenye sindano kulimshinda. Ni ule mguu wake wa kulia: akikaa tu kitini unaanza kukanyaga sakafu mfululizo, utadhani ana magauni kumi ya kumaliza kabla ya saa sita. Mama yake alizoea kusema mtoto huyu hakutulia hata tumboni. Kazi mbili za ofisini zilimtoka hivyo hivyo, kiguu na njia kama alivyo, na mwisho wa yote akaangukia kazi inayomtaka mtu akae siku tatu bila kugusa kitu. Mumewe kila akilikumbuka hilo hucheka mpaka anashika mbavu.

Kazi yenyewe ni kuokoa mafaili kwenye diski zilizoharibika. Chumba chake kiko ghorofa ya tatu: meza mbili, benchi la wateja, feni yenye malalamiko yake. Jumatano asubuhi waliingia mzee mmoja aliyekumbatia boksi kifuani na binti yake mtu mzima. Mzee alikuwa kiziwi. Aliongea kwa mikono, na binti akayasema kwa mdomo.

"Baba anasema mashine ilizimika juzi, haifunguki. Ndani kuna kamusi yao ya lugha ya alama. Ni video tupu. Ofisi nzima ni viziwi, wameihangaikia miaka sita."

"Na nakala nyingine mmeiweka wapi, mdogo wangu?"

Binti akauliza kwa vidole. Mzee akaonyesha boksi lile lile.

Cherehani akashusha pumzi. Jibu hili alilipata kila wiki, na kila wiki lilimuudhi upya. Mashine za namna ile zina diski nne zinazosaidiana. Kila faili hukatwa vipande na kusambazwa kote, pamoja na hesabu ya akiba, ili ikifa diski moja, tatu zilizobaki zizibe pengo lake. Watu wakishaambiwa hivyo wanalala usingizi wa pono. Ikifa ya pili, ndiyo basi tena.

Na hapa zilikufa mbili. Diski namba mbili ilijitoa kazini miezi saba iliyopita. Tangu siku hiyo mashine ilikuwa ikilia pii, pii, usiku na mchana, ndani ya kabati lililofungwa vizuri lisiingie vumbi, katikati ya ofisi ya watu wasiosikia. Juzi namba nne nayo ikaanza kukwaruza, kila kitu kikasimama.

"Mnataka nini kwanza?" aliuliza.

Mikono ya mzee ilikwenda polepole. "Mama," binti akasema. "Amefariki miezi miwili sasa. Alijua alama za shule yao ya zamani ambazo hakuna mwingine anayezikumbuka. Alirekodi maneno mia mbili na kumi na mawili akiwa tayari anaumwa. Mwaka huu huu."

Mwaka huu. Na mwaka huu wote diski namba mbili haikuwepo kazini. Alipoichomeka peke yake ilizunguka vizuri, nzima kama mpya, ila huyo mama ilikuwa haimjui kabisa. Aliyemjua ni namba nne, mgonjwa mahututi.

Kishawishi cha kuirudisha anakifahamu. Mwaka wake wa pili kazini aliirudisha diski nzima ya namna hiyo, akairuhusu mashine ijijenge upya, na mashine ikachanganya ya zamani na mapya hadi michoro ya msanifu mmoja wa majengo ikawa takataka. Yule bwana hakufoka. Alikaa kwenye lile benchi akalia. Tangu hapo Cherehani ana sheria moja: unanakili diski kwanza, chembe kwa chembe, na ikishaanza kusoma, mikono mbali.

Basi akaanza kunakili, na mateso yakaanza. Asilimia nne kufikia mchana. Alipanda na kushuka ngazi mpaka mlinzi akamuuliza kama kuna msiba. Alifua pazia la ofisi, kisha akalifua tena. Nyumbani mumewe alimkuta anapanga vijiko kwa urefu, akaenda kukaa nje.

Ijumaa saa nne, kwenye asilimia themanini na moja, namba nne ikagonga mara tatu ikanyamaza. Cherehani akaruka kitini. Mzee na bintiye walikuwa benchini, walikuja kila siku. Mzee hakusikia kitu, lakini aliuona uso wake.

Cherehani akaizima diski. Akaketi juu ya mikono yake miwili, kabisa, kama mtoto aliyekanywa, na kusubiri ipoe.

"Dada," binti akasema, macho sakafuni. "Mimi niliisikia. Nilipita ofisini kwa baba, kabati likawa linalia. Nikadhani ni kawaida ya mashine. Mimi peke yangu ndiye ninayesikia pale, na sikusema neno."

"Mama alikuwa ameanza kurekodi siku hiyo?"

"Bado."

Cherehani akamwelekeza macho kwa mzee. "Usiniambie mimi," akasema.

Alipoiwasha tena aliiamuru isome kutoka mwisho kurudi nyuma, ili ipafikie pale ilipokwama kwa upande wa pili. Ikakubali. Hadi Jumamosi mchana lilibaki shimo dogo tu. Akaziunganisha nakala za namba moja, tatu na nne kwa mpangilio wao, namba mbili akaiacha mezani, akafungua faili la kwanza.

Mwanamke mwembamba mwenye kilemba cha bluu alitazama kamera, akainua mikono. Mzee akasimama.

Hapo binti akamgusa baba yake bega. Akaanza kuongea kwa mikono. Cherehani hajui lugha ile, lakini aliona sikio, akaona mlango wa kabati, akaona kiganja kifuani.

Mzee akajibu kwa mikono, na binti akayasema kwa sauti, kwa mazoea tu.

"Anasema aliniona. Anasema siku ile niligeuza kichwa kuelekea kabatini, akadhani nimesikia ndege dirishani. Alitaka kuniuliza ni ndege gani. Akaona nina haraka."

Kwenye skrini mama alikuwa ameshafika neno la tatu, na hakuna aliyekuwa akimtazama. Cherehani akanyoosha kidole, akamsimamisha, wasije wakamkosa.