Pikapu za Gitaa la Mwinyimvua

Zena binti Twalibu alijifunza gitaa akiwa mtu mzima, na hakujifunza kwa kupenda. Mumewe, Mwinyimvua, ndiye aliyekuwa mpigaji wa solo wa kikundi kimoja cha taarabu pale Kibiti. Kiharusi kilipompata kilimwachia mkono wa kulia mzima, wa kushoto ukalegea. Na mkono wa kushoto ndio unaobana nyuzi shingoni. Bila huo gitaa halisemi kitu. Miezi ya mwanzo Mwinyimvua alikaa barazani akichuna nyuzi wazi kwa mkono mmoja, tena na tena, mpaka siku moja Zena, aliyekuwa akipeta mchele pembeni, akachoka kumsikiliza. Akaweka ungo chini, akaketi ubavuni mwake.

"Niambie nibane wapi," akasema.

Hivyo ndivyo walivyopiga kwa miaka: mume akichuna, mke akibana, gitaa moja limelala kwenye mapaja ya watu wawili. Maharusini watu walicheka mwanzo, kisha wakazoea. Mwinyimvua alipofariki, Zena alikaa eda, akatoka eda, akalichukua gitaa na kujifunza kuchuna mwenyewe. Kikundi hakikuwa na mpigaji mwingine wa gitaa, na yeye hakuwa na kitu kingine zaidi ya shamba la mihogo na mgongo unaouma.

Mwaka huu gitaa likaanza kuugua. Katikati ya wimbo sauti inakatika, inarudi, inakatika tena. Ashrafu, fundi wa redio na simu karibu na stendi ya Kibiti, alilifungua, akaligusagusa kwa mita, akatikisa kichwa.

"Mama, pikapu zimechoka. Hii ya mkiani imekufa, na ya shingoni iko njiani."

Mtu asiyejua muziki akisikia pikapu hudhani ni gari. Kwenye gitaa la umeme ni vile visanduku viwili vilivyokaa chini ya nyuzi, kimoja karibu na shingo na kingine karibu na mkia. Ndani yake mna sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba kama unywele. Nyuzi zikitetema, pikapu ndizo zinazosikia na kupeleka sauti kwenye spika. Ukibadilisha pikapu, umelibadilisha gitaa koo.

Kiongozi wa kikundi, Abubakary, hakuona shida yoyote.

"Nitakuagizia mpya Dar, Bi Zena. Kali kuliko hizi. Siku hizi tunashindana na vinanda na maspika ya singeli. Tukilia kinyonge hatuitwi tena."

"Ningoje kidogo, kaka."

"Unangoja nini?"

 Zena alikuwa akingoja apate nguvu ya kwenda Maparoni, huko deltani, kwa mke mwenzake.

Hizo zilizochoka, unajua, hazikuwa pikapu za asili. Gitaa lilitoka Japani zamani, na lilikuja na pikapu zake. Zena alizisikia alipokuwa mwali mpya nyumbani kwa Mwinyimvua: sauti tulivu, ya mviringo, kila uzi unasikika peke yake hata ukichuna yote kwa pamoja. Kisha vinanda vikaingia mjini, na Mwinyimvua akaogopa kumezwa. Akaenda Kariakoo, akarudi na pikapu kali, akazing'oa za zamani. Sauti ikawa kubwa, lakini ikawa bapa. Hakumaliza mwezi akaanza kujuta. "Nimelipa domo, nikalinyang'anya ulimi," alikuwa akisema. Zile za zamani alizipeleka Maparoni, kwa mke wake mkubwa, Sabra, ambako siku hizo alikuwa akilala nusu ya mwezi.

Sabra na Zena hawakuwahi kugombana. Walikuwa hawasemezani tu, jambo ambalo lina uchovu wake. Baada ya kiharusi mume alibaki Kibiti, karibu na hospitali na lami, na hakuvuka tena kwenda deltani. Sabra alikuja kumtazama mara mbili tatu, kisha akaacha. Walikutana kwenye msiba, wakapeana mikono, kila mmoja akarudi kwake.

Safari yenyewe ilimmaliza Zena. Bodaboda mpaka Nyamisati, barabara imekatwakatwa na mvua. Pale yeye na abiria wengine wakasubiri maji yajae, kwa sababu boti ya injini haiwezi kupita kwenye vijito vya mikoko yakiwa yametoka. Maji yalipojaa, wakasongamana na magunia ya unga na kreti za soda. Njia nzima alipanga la kusema. Alipoteremka na kuzama kwenye tope mpaka magotini, yote yalikuwa yamemtoka kichwani.

Sabra alikuwa barazani, anashona gauni kwenye cherehani. Amekonda, miwani imefungwa uzi upande mmoja.

"Hodi. Shikamoo, dada."

"Marahaba." Hakuinuka. "Kafa nani?"

"Hajafa mtu."

"Basi kaa. Mtu wa Kibiti akija huku huwa kaleta msiba."

Alimpa maji, kisha wali na kamba. Walikula. Waliulizana habari za mvua, za mpunga, za mgongo. Sahani zilipoondolewa, Zena akaeleza kuhusu gitaa. Sabra alisikiliza huku akizungusha gurudumu la cherehani, akashona upindo mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno. Halafu akavuta mtoto wa meza, akatoa kitu cheusi kilichojaa sindano kama mgongo wa nungunungu.

"Ni hii?"

Zena akaitambua. Waya mwembamba umechomoka pembeni, unaning'inia.

"Inaokota sindano vizuri sana," alisema Sabra. "Sikujua kama ni kitu cha maana. Nyingine iko ndani, haijaguswa."

Akaingia chumbani, akatoka na kifurushi cha nailoni, akakiweka mkekani kati yao.

"Alikuja nazo akaniambia, nitunzie, nitazirudia. Nikatunza. Yeye hakurudi."

"Hakuwa akiweza kupanda boti, dada."

"Hilo najua. Lakini wewe ulikuwa unaweza kumleta. Nilikuwa nasikia: mara mko Ikwiriri, mara mko Utete, mnapiga. Mkafika Utete, mkashindwa Maparoni?"

Zena aliangalia nje. Kuku walikuwa wakichakura kwenye pumba. Angeweza kusema daktari alikataa, na Sabra asingejua.

"Nilichoka," akasema. "Kumwinua, kumwogesha, kumvika, kumpakia kwenye gari, kumshusha. Mimi peke yangu. Utete gari linafika na kuna watu wa kikundi wa kunisaidia. Ya huku, kwenye tope hili, ilinishinda."

"Hukuniita."

"Ningekuita, ungekuja?"

Sabra alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga.

"Sijui," akasema. "Siwezi kukudanganya. Sijui."

Hakuna aliyelia. Sabra alichomoa sindano moja moja kutoka kwenye ile sumaku, akazipanga kwenye kitambaa, akaitia kwenye nailoni pamoja na mwenzake. "Chukua zote," alisema. "Lala hapa leo. Boti haipo mpaka asubuhi."

Huko Kibiti, Ashrafu alizipima. Ile iliyotunzwa chumbani ilikuwa hai, dhaifu lakini hai. Iliyookota sindano waya wake ulikuwa umekatika ndani.

"Naweza kuisuka upya, mama, lakini waya nilio nao ni wa mota za feni, mnene. Italia, ila haitalia kama zamani. Kwa hiyo unayo moja tu. Niiweke wapi? Mkiani itatoa ukali wa solo. Shingoni itatoa ule utamu."

Akaiunga kwa muda, akaishikilia chini ya nyuzi, kwanza mkiani, kisha shingoni, huku Zena akichuna. Mkiani ilikuwa safi, lakini nyembamba. Shingoni alichuna mara moja tu, akasimamisha mkono. Ashrafu akamwangalia usoni, akachukua pasi yake ya kuchomelea bila kuuliza tena.

"Na tundu la mkiani?"

"Liache wazi."

Harusi ya kwanza ilikuwa Ikwiriri, mchana. Kinanda cha kikundi kilimmeza kama Mwinyimvua alivyoogopa. Kwenye nyimbo za polepole waliokaa mbele walisikia kitu, wakageuza shingo. Nyimbo za kuchezeka zilipoanza, gitaa lilizama kabisa. Wakati wa kukunja nyaya Abubakary hakumkaripia. Alisema tu, kwa sauti ya mtu aliyechoka naye, "Bi Zena, nimelipwa kwa watu sita, waliosikika ni watano."

Zena aliwaza siku kadhaa. Alijua kwamba kiongozi ana haki, na alijua pia kwamba hataki kuing'oa ile ya shingoni. Mwishowe akakubali pikapu kali ya Dar iwekwe mkiani. Ashrafu alilegeza skrubu zake mpaka ikakaa mbali na nyuzi ili isipige makelele, na ile ya zamani akaipandisha karibu na nyuzi ili isinong'one. Swichi ikawa ya kuchagua kati ya hizo mbili. Ngoma ikichangamka, Zena anabofya kwa ile mpya, anapiga kama wanavyotaka. Wimbo ukitulia, anarudi kwa ile ya zamani. Hakushinda, hakushindwa. Kikundi kinaitwa, na yeye anarudi nyumbani vidole vikimuuma.

Sabra alikuja Kibiti kutazamwa macho. Hakuwa na mwenyeji mwingine, au pengine alikuwa naye, lakini alipiga hodi kwa Zena. Walikaa hospitalini kwenye foleni tangu asubuhi, wakarudi adhuhuri, jua kali, Sabra ametiwa dawa machoni na haoni vizuri. Zena alimketisha ndani, akawasha amplifaya ndogo, akachuna wimbo mmoja wa polepole.

Sabra alisikiliza kichwa ameinamisha, mikono mapajani. Wimbo ulipokwisha akainua uso.

"Ndiyo hiyo," akasema. "Kumbe nilikuwa nimeisahau."

"Nikupigie mwingine?"

"Acha. Umechoka, na mimi nimechoka."

Zena akazima amplifaya. Akatandika mkeka sakafuni, penye upepo wa mlangoni, akamshika mkono akamlaza, naye akajinyoosha pembeni yake. Wakalala mpaka adhana ya alasiri.