Unywele wa Kope

Mtafiti wa maabara iliyo mkabala na stoo yangu, hapa Kericho, hung'oa unywele wa kope yake na kuubandika kwenye kijiti cha meno. Kwa unywele huo hupapasa minyoo midogo kama vumbi la majani chai.

"Daktari, utabaki na macho ya samaki!" Monicah wa usafi humtania.

"Zitaota tu, mama."

Minyoo yake huzaliwa bila protini inayoiamuru seli changa iwe neva ya mguso. Seli ipo, ila haijui kazi yake, na mnyoo ukiguswa hautikisiki. Leo alijaribu minyoo aliyoirudishia protini hiyo. Akaugusa mmoja. Ukarudi nyuma haraka. Hakushangilia. Alijipapasa shavu kwa unywele uleule, macho ameyafumba.