Mikaratusi Nyuma ya Nyumba

Mwanzoni mwa miaka ya themanini, tulipokuwa tunakaa mtaa wa Bigo, popo walihamia kwenye mikaratusi nyuma ya nyumba yetu. Walikuwa wakubwa, rangi ya majani makavu, wengi hata matawi yakainama. Mchana waligombana na kujipepea kwa mabawa. Jua likizama waliondoka kutafuta mapapai na mapera ya watu. Alfajiri walirudi wakitema kambakamba za matunda juu ya paa letu la manjanja, yaani mabati. Hata nguo zetu za kanisani zilinuka mkojo wao. Mama alizoea.

Shangazi, dada mdogo wa baba, aliishi nasi pamoja na binti yake aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kusimama. Mwaka ule surua ikaingia mtaani, katika kartye yetu. Mtoto akashikwa na homa, akafa mgongoni mwa mama yake njiani kwenda dispensari. Baada ya matanga shangazi hakulia tena. Alikaa mlangoni, akitazama juu mitini.

"Yaya," alimwambia baba, kaka yake, "hii mapopo ndiyo ilikula mutoto yangu. Kata ile miti."

"Ni surua iliua mutoto. Weye mwenyewe uliona."

"Basi miye nitakata."

Baba alimtazama usoni, akaenda kuita watu wenye misumeno.

Ulikuwa msimu wa popo kuzaa. Majike yalibeba vitoto kifuani. Vile vilivyokwisha kuwa vizito viliachwa matawini. Mti wa kwanza ulipoanguka, popo wote waliruka, jua likafifia. Vitoto vikatapakaa chini vikilia. Majirani walikuja na ndoo kuokota nyama.

Jike moja likarudi. Lilitua kati ya matawi yaliyolala, likajikokota kwa mabawa, likinusa kitoto kimoja kimoja mpaka likapata chake. Kilikuwa kimekufa. Likakifunika kwa bawa, likabaki hapo. Mwanamume mmoja akainua panga.

"Umuache!" shangazi akapiga kelele.

Yule mtu alicheka, akalikata. Shangazi akaanguka magotini, akalia kwa sauti ambayo hakuitoa hata makaburini. Mama alimvuta ndani.

Popo waliosalia wakahamia upande wa mtaa wa Nyakasanza. Surua haikuhama. Kabla ya mvua kuanza ilimchukua mtoto wa jirani, kisha mdogo wangu. Shangazi ndiye aliyemwosha, maana mama hakuweza kusimama.